Je, chipu imeiondoa pipeti ya kioo katika upimaji wa niuroni?

Mwanafunzi_Fiziolojia:
Habari zenu, wakuu. Ninaandaa semina kuhusu upimaji wa umeme wa niuroni, yaani seli za neva. Vitabu vyetu vinaisifu pipeti ya kioo (mrija wenye ncha nyembamba sana), ilhali makala mapya yamejaa chipu zenye mamia ya elektrodi (vipokeo vidogo vya umeme). Je, pipeti imepitwa na wakati?

Mkemia_Mstaafu:
Haijapitwa, kwa kuwa vifaa hivyo havipimi jambo moja. Katika mbinu ya Erwin Neher na Bert Sakmann, iliyotangazwa mwaka 1976 na kuwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1991, ncha ya pipeti yenye upana wa takriban mikromita 1 huegemezwa kwenye utando wa seli, kisha mtafiti hufyonza hewa polepole mpaka utando ugandamane na kioo, kelele ya umeme ipungue, na mkondo wa ayoni (chembe zenye chaji) unaopita katika mlango mmoja wa protini uonekane. Utando ukitobolewa, husomwa volti yote ya ndani, ambayo hubadilika kwa takriban milivolti 100 niuroni inapofyatua, yaani inapotoa mpigo wa umeme. Kazi hiyo inadai subira, kwani seli hushikwa moja moja.

Bingwa_wa_Vihisi:
Niongezee hapo. Elektrodi za chipu hukaa nje ya seli, hivyo huambulia makumi au mamia machache ya mikrovolti tu. Neuropixels, iliyotangazwa mwaka 2017, ni sindano ya silikoni yenye upana wa mikromita 70 na elektrodi 960, ambazo 384 kati yake hurekodi kwa pamoja. Mpigo mmoja husikika kwenye elektrodi kadhaa jirani kwa nguvu tofauti, na kwa tofauti hizo programu hukisia ni niuroni ipi iliyofyatua. Nasema hukisia kwa makusudi, maana makala mengi huipita hatua hiyo harakaharaka.

Mkemia_Mstaafu:
Kweli kabisa. Tena chipu haioni mabadiliko madogo ya volti yasiyofikia kiwango cha kufyatua.

Dada_wa_Maabara:
Usisahau vyumba vya kukuzia niuroni vilivyotengenezwa kwa PDMS, ule mpira mwangavu. Vyumba viwili huunganishwa kwa vijia vyenye kimo cha mikromita chache: aksoni (mkia mrefu wa niuroni) hupenya, mwili wa seli hukwama. Ukitia dawa upande wa aksoni pekee, weka kimiminika cha upande wa pili juu kidogo, ili mtiririko mwembamba uizuie dawa isivuke.