Jeep SRT ya V8 (silinda nane) hapa Malindi, mafuta yatanimaliza?

MtotoWaMambrui:
Salaam aleikum wakuu. Kuna Mtaliano jirani yangu hapa Malindi anarudi kwao moja kwa moja, anauza Jeep Grand Cherokee SRT ya 2015, ile ya injini ya lita 6.4, imetembea kilomita 118,000, na bei aliyonambia wallahi ni ya kutupa mpaka naogopa. Gari yenyewe safi, akiiwasha asubuhi kuku wa mtaa mzima wanaruka. Sasa kununua si shida, shida ni kuilisha. Mimi nashuka Mombasa mara mbili kwa wiki kufuata mzigo wa duka, na mara moja kwa mwezi naenda mpaka Mokowe manake mama yuko Lamu. Saa hii nina Prado ya dizeli na silii. Aliye nayo anipe hesabu ya ukweli, si ile ya kwenye makaratasi.

Kibokoni_V8:
Waaleikum salaam yakhe. Mimi ninayo kama hiyo mwaka wa tatu huu. Makaratasi ya Marekani yanasema maili 13 kwa galoni mjini na 19 barabara kuu, yaani kama kilomita 5 na nusu kwa lita mjini na 8 ukiwa safarini, na nikwambie ukweli hawakudanganya sana. Ukienda mwendo wa 90 mguu mwepesi, injini yenyewe inazima silinda 4 inabaki na 4, hapo utaona raha. Juzi natoka Malindi nimeiweka kwenye Eko, ile hali ya kubana mafuta, nafika Kilifi dashibodi inasoma lita 12.6 kwa kilomita 100 nikajisifu, kuingia tu foleni ya Mtwapa na AC iko juu, nafika Nyali inasoma 14.5. Mtwapa ndo inakula pesa, si Jeep.

Haya hesabu yako. Malindi Mombasa kwenda na kurudi ni kama kilomita 240, weka kilomita 7 kwa lita, lita 34. Tukisema lita ni shilingi 180 (EPRA, wale wanaopanga bei ya mafuta, wakibadilisha tarehe 14 na wewe badilisha) hiyo ni 6,100 na kitu, mara nane kwa mwezi karibu 49,000. Mokowe kilomita 440 kwenda na kurudi, ongeza elfu kumi na moja na kitu. Kwa hivyo jua ni elfu 60 ya petroli tu hujazungusha mjini hata siku moja. Prado yako ikienda 10 kwa lita na dizeli ya 170, hizo safari za Mombasa ni kama 32,600. Na ushukuru si Trackhawk, ndugu yake mwenye nguvu zaidi, ile hata 5 kwa lita mjini haifiki.

FundiMaweni:
Mafuta watu huyapigia kelele bure, mafuta unayaona. Cha kukuua ni usichokiona. Hiyo injini kila silinda ina plagi mbili, kwa hivyo ni plagi 16, na kwa kilomita 118,000 muulize huyo mzee kama zimewahi kutolewa, akianza kuangalia juu ujue bado. Oili ni 0W-40 inameza lita 6 na nusu hivi, usije ukawekewa 20W-50 ya matatu kisa ni rahisi. Tairi ni 295/45 rimu 20, nne zikiisha pamoja utakaa chini. Brek ni Brembo za pistoni sita mbele, pedi zake si za kuokota dukani hapa mjini, zinaagizwa. Na kitabu chake kinataka petroli ya oktani ya juu, niliwahi kupokea gari ya mteja aliyejaza ya jerikeni huko njia ya Garsen, ilikuwa inakohoa kama mzee wa tumbaku, kazi ya siku mbili.

Halafu chumvi. Gari inayolala karibu na bahari hapa inaoza kuanzia chini na juu inang'aa. Watu wanaosha kila siku lakini kwa maji ya kisima ambayo yenyewe ni chumvi, sasa umeosha nini? Ingia chini na tochi kabla hujatoa hata shilingi.

Baharia_Mokowe:
Mimi naongeza moja tu ami. SRT haina gia ya chini ya foo wili kama Prado yako, na imekaa chini. Lami ya Garsen Witu mpaka huku iko sawa siku hizi utatereza tu, lakini siku utakayoshawishika kuingia mchanga wa ufuo wa Che Shale ndo utatukumbuka. Prado unatoa upepo tairi zinalala unatoka, hizo za ubavu mfupi ukitoa upepo unakunja rimu. Ni gari ya mbio iliyovaa nguo za porini. Na ukifika huku utaiegesha Mokowe uingie boti kama sisi wote, hiyo sekunde 5 ya kufika 100 inaisha kwenye geti la maegesho, ng'ambo tunatumia punda.

MtotoWaMambrui:
Nimecheka lakini imeniuma. Nimerudi kwa Mtaliano na tochi. Kuhusu plagi ameangalia juu kweli, fundi wewe ni mchawi. Chini diski za brek za nyuma zina mstari wa kutu na bolti moja ya egzosi imeliwa imebaki kama msumari. Nimemuuliza huwa anaenda nayo wapi, akasema sokoni na kurudi, na Watamu Jumapili, ndo maana hajawahi kulalamikia mafuta. Mama nimempigia kumwambia nataka V8, akaniuliza kwani hiyo yapanda mashua?

Kwa safari zangu naona Prado inabaki, hiyo haina mjadala. Ila kama atashuka bei ya plagi na brek naweza kuwa nayo ya mwisho wa wiki tu, bima ndo bado inanitia wasiwasi. Fundi Jumamosi saa tatu uko? Amekubali niilete uipandishe juu uikague chini.

FundiMaweni:
Niko. Usiioshe.