Tupeane uzoefu: maji ya udhu yanayopotea misikitini

FundiKoki: Assalamu alaykum. Nimesikia visima vya misikiti vinakauka, na habari hiyo imenigusa. Mtume (SAW) alitawadha kwa mudd moja, ujazo wa viganja viwili, haifiki lita. Sisi koki iko wazi tangu kusukutua mpaka miguu. Wekeni beseni chini yake mpime. Zikitoka lita 5, kwa watu 100 na swala 5 ni lita 2,500 kwa siku. Hiyo ni israfu, na tutaulizwa.

Mpwani77: Kweli kabisa.

AbuSalma: Kwa lita moja utaosha mara tatu vipi? Msivunje sunna kwa ajili ya tangi.

FundiKoki: Sunna iko palepale. Fungua robo, kinga kiganja, funga, ndipo usugue. Yanayopotea ni yale yanayomwagika wakati unasugua. Wazee walikuwa na birika la kujengwa la kuhifadhi maji na kata ya kuchotea, na visamaki ndani vya kula viluwiluwi vya mbu.

MamaShamba: Yakishatumika yapelekeni migombani. Bomba la inchi 2, mteremko sentimita 2 kila mita, lisikutane na la chooni. Kabla ya shamba chimbeni kishimo cha kutuliza mchanga wa miguuni, kizolewe kila Ijumaa, la sivyo kiwiko cha kwanza cha bomba kinaziba. Yasilale zaidi ya siku, yatanuka. Kisima kikiwa cha chumvi, mipapai itaungua majani; pandeni minazi.

AbuSalma: Hayo ni mustaamali, maji yaliyokwisha kutumika, hayafai!

MamaShamba: Kwa madhehebu ya Shafii hayafai kutawadhia tena, lakini ni tohara, si najisi. Kumwagilia hakuna katazo.

MlinziWaTangi: Mmesahau tangi. Boya likipasuka linajaa maji, linazama, valvu haifungi. Baada ya Isha hakuna mtu. Maji yanafurika mpaka Alfajiri, ukuta unalowa, msingi unachimbika, pampu inavuta kisima mpaka inanyonya hewa na kuungua. Bomba la kufurikia lielekezeni mlangoni, mwadhini alione.

Mpwani77: Subhanallah. Boya la shaba au plastiki?

MlinziWaTangi: Plastiki. La shaba huoza kwenye kiungio, maji ya chumvi.

Parokiani: Nasi Wakristo, Mwanzo 2:15 inatuagiza kuilima bustani na kuitunza. Kingeni maji ya mvua ya paa: mvua ya milimita 20 juu ya mita za mraba 200 ni karibu lita 4,000. Ya mwanzo yamwageni, yana kinyesi cha ndege.

AbuSalma: Na koki za kubonyeza je?

FundiKoki: Nzuri, ila mchanga ukiingia springi inakwama wazi. Tanguliza chujio, lisafishwe kila mwezi.