Nitajuaje mabinti wa mwaloni wanatengwa mara ngapi?

Dada wa Igombe:
Habarini wadau. Nalea kikundi cha mabinti wa miaka 16 hadi 19 wanaoanika dagaa hapa mwaloni, ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, Igombe, Mwanza. Wawili wameacha kuja na hakuna mwenzao aliyeuliza wako wapi. Nikawauliza waliobaki, "Kuna anayetengwa?" Wote: hapana dada, tuko vizuri. Kesho yake mtumbwi umeingia alfajiri, wakachangishana hela ya kununua ndoo ya dagaa, mmoja kasimama pembeni na beseni tupu. Kasalimia, stori zikaendelea kama hayupo. Iliniuma. Naupataje ukweli?

Mdau wa Nyakato:
Dada, hongera kwa kuliona hilo. Tatizo ni swali la ndiyo au hapana. Nani atakiri mbele ya wenzake? Uliza ni mara ngapi: kamwe, mara chache, wakati mwingine, mara nyingi, kila mara. Mwaka 2013 Rich Gilman na wenzake, Marekani, walitoa kipimo cha vijana chenye maswali 11 na ngazi tano kama hizo. Wanapima mambo mawili mbalimbali: kupuuzwa, na kutoshirikishwa. Huyo wako kayapata yote. Ila yupo anayeitikiwa salamu vizuri kabisa na bado kwenye ndoo haitwi. Ukichanganya alama, huyo anakupotea. Maswali ya kushirikishwa yameulizwa kwa upande mzuri, mfano wenzako hukualika? Hapo "kamwe" ndiyo yenye uzito, kwa hiyo geuza alama kabla ya kujumlisha.

Mama Kayenze:
Mwanangu, angalia na mwezi. Mbalamwezi ikikolea dagaa hawavuliwi, mabinti wako majumbani. Ukiwauliza habari za wiki hiyo watakwambia hakuna kitu, na ni kweli. Uliza wiki nne zilizopita, ndani yake mna giza na mbalamwezi.

Mdau wa Nyakato:
Mama kasema jambo kubwa. Na usiwaulize wakiwa pamoja kwenye chanja za kuanikia. Karatasi isiwe na jina. Asiyejua kusoma msomee, atie alama mwenyewe.

Dada wa Igombe:
Shikamoo mama, asanteni. Sasa karatasi ikirudi imejaa "kila mara", na jina sina? Sitaki kuwapima halafu niwaache hivyo hivyo.

Mama Kayenze:
Marahaba. Usimsake mwenye karatasi, utamwaibisha. Michango ya ndoo ipange wewe, watatu watatu, na kila giza likianza uwachanganye upya. Na hao wawili wafuate nyumbani kwao, leo.