Takachiho bila gari, inawezekana?

mzururaji: Habari wakuu, mwezi wa 11 naenda Japani, ntakuwa Kumamoto na roho yangu yote iko kwenye lile korongo la Takachiho, yale maporomoko ya Manai yanamwagika katikati ya kuta na watu wanapita chini na vimashua. Sasa sina leseni ya kuendesha kule, na treni kila nikitafuta sioni. Kwa basi naweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo? Na mashua unakodi palepale?

Bi_Mkoba: Treni hutaipata mdogo wangu, ilikuwepo ila kimbunga cha 2005 kilibomoa madaraja ndo ikawa mwisho wake. Basi lipo, toka Kumamoto kama masaa matatu, ila kwa siku ni machache mno kwahiyo angalia ratiba mapema. Ukishuka stendi unatembea nusu saa hivi mteremko mtupu mpaka mtoni, kurudi ndo kazi, chukua teksi. Kwenda na kurudi siku moja utakimbizana na saa tu, lala hukohuko. Kila usiku saa mbili pale kwenye hekalu la Takachiho wanacheza kagura, ngoma za vinyago, ile hadithi ya Amaterasu mungu wa jua alivyojificha pangoni dunia ikawa giza. Usikose!!

kasia: Mashua buki onlaini kabla, Novemba majani yanabadilika rangi watu wanajaa sana. Na mvua ikipiga mto Gokase ukijaa wanafunga, hapo hakuna ujanja. Ila hata ukikosa usinung'unike, njia ya juu ya genge ni bure na ile picha maarufu inapigwa toka huko juu, sio ndani ya mashua. Angalia na zile kuta zilivyosimama kama nguzo, ni majivu moto ya volkano ya Aso, yalitiririka mpaka huko makumi ya maelfu ya miaka iliyopita, yalivyopoa yakapasuka hivyo, halafu mto ukachimba. Maporomoko yenyewe ni mita 17 tu lakini ukiwa chini yake unanyamaza.

mzururaji: Asanteni sana, nalala basi. Lazima nirudi Kumamoto au naweza kutokea upande mwingine?

Bi_Mkoba: Sio lazima, kuna mabasi yanashuka Nobeoka huko pwani, kama saa moja na nusu, hapo treni za Miyazaki na Oita zipo.