Kipande cha mshikio wa upinde kinabanduka

Wakuu, upinde wangu ni wa ubao mmoja, sm 170. Mshikio una upana wa sm 4, unene sm 2. Navuta kwa mkono wa kulia na mishale inaenda kushoto. Nataka kuupunguza upana hadi sm 3 ili mshale upite karibu zaidi na katikati. Kipande nilichogandisha tumboni (upande unaonitazama nikivuta) ili kuuimarisha mshikio kimebanduka. Nifanyeje?

— Kimebanduka kwa sababu mshikio bado unapinda ukivuta. Gundi yoyote itaachia hapo, tena huanzia nchani mwa kipande. Weka kipande kipya cha sm 20: katikati sm 10 pabaki panene, kisha kila upande ushuke taratibu kwa sm 5 hadi uishie bapa kabisa. Unene wote, mshikio pamoja na kipande, ufike sm 4. Ukiongeza unene mara mbili, ugumu unapanda mara nane. Kupunguza upana kutoka 4 hadi 3 kunakula robo tu ya ugumu. Kwa hiyo nenesha kwanza, ndipo upunguze.

— Piga randa nyuso zote mbili zinazogandishwa mpaka ukizikutanisha mwanga usipite katikati. Kisha paka epoksi (gundi ya kuchanganya sehemu mbili), bana kwa jiriwa tatu, acha saa 24. Usikaze mno, gundi yote itatoka.

— Chonga ubavuni tu kwa tupa. Mgongo (upande unaotazama shabaha) usiuguse! Ukikata nyuzi za mbao pale, upinde unaweza kupasuka.