JC-120 iliyotumika, Tone Master au POD Go: ipi kwa gitaa safi la bendi?

Nyuzi_Sita:
Wakuu salaam. Bendi imetenga fungu la ampu moja tu ya gitaa na uamuzi unatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Nataka sauti safi, isiyokwaruza hata mkono ukiwa mzito. Zimebaki tatu: Roland JC-120 iliyotumika kutoka Japani, Fender Tone Master Deluxe Reverb mpya, au tuachane na ampu kabisa tuchukue Line 6 POD Go (kifaa cha kukanyaga kinachoiga sauti za ampu) niingie moja kwa moja kwenye miksa. Huko kwenye POD Go nako nimekwama kati ya modeli mbili: Jazz Rivet 120, inayoiga JC-120, na US Deluxe, inayoiga Deluxe Reverb ya Fender. Mnasemaje?

MiSolo_Kino:
Mkuu, gitaa gani? Pikapu (vinasa sauti vya chini ya nyuzi) za koili moja au mbili? Unapiga solo, mi-solo (gitaa la kati ya solo na rithimu) au rithimu? Ndani au nje? Mna monita jukwaani? Bila hayo tutabahatisha tu.

Mtu_wa_Sebene:
Maswali yote hayo ya nini? JC-120. Ipo tangu 1975, transistaa tupu, wati 60 mara mbili, spika mbili za inchi 12. Haikwaruzi hata ukiiamsha mtaa mzima. Mjadala ufungwe.

Nyatiti_Kisumu:
Haufungwi, ndugu yangu. JC ni safi, sikatai, lakini trebo yake inachoma usipoichunga, hasa kwa pikapu ya koili moja ya karibu na daraja. Swichi ya Bright, inayoongeza ukali, izimwe, trebo isizidi 4. Pia ina mvumo wa "shhhh" unaousikia kila wimbo unapotulia.

Kuhusu Tone Master: wati zake 100 zisikudanganye. Zimewekwa ili ziige Deluxe Reverb ya valvu yenye wati 22 na valvu mbili za 6V6, pamoja na kukwaruza kwake. Kwa pikapu za koili mbili, volyumu ikifika 5 hivi inaanza kunguruma. Ukitaka usafi wa Fender kwenye bendi yenye ngoma kubwa, tafuta Twin: wati 85, valvu nne za 6L6, na ina nobu ya sauti za kati ambayo Deluxe haina. Ubaya wa Twin ya valvu ni uzito, inakaribia kilo 30.

Mtu_wa_Sebene:
JC nayo inakaribia kilo 28, usimtishe mwenzio na uzito wa Twin peke yake.

Nyuzi_Sita:
Samahani wakuu. Gitaa ni Epiphone Dot, koili mbili. Napiga solo, mara nyingine mi-solo mwenzangu asipokuwepo. Bendi ya dansi: magitaa matatu, besi, tarumbeta mbili, saksafoni. Tunapiga baa za wazi, na baadhi yake ni jenereta tu. Monita zipo mbili, za waimbaji.

MiSolo_Kino:
Hapo sasa tunaongea. Tatizo la kuchagua modeli ukiwa peke yako chumbani ni hili: ampu za Fender za mtindo ule zinapunguza sauti za kati, bonde lake liko kama 400 hadi 500 Hz. Chumbani bonde hilo ni tamu, gitaa linakuwa pana na linang'aa. Akiingia rithimu, tarumbeta na mwimbaji, solo inazama. Unaongeza volyumu, fundi mitambo anakushusha, mnaanza kununiana jukwaani.

Kwa solo ningeanza na Jazz Rivet 120: besi 3, kati 6, trebo 4.5, Bright imezimwa. Mbele ya ampu kaa na kompresa (inayobana sauti kubwa zilingane na ndogo), uwiano 3:1 au 4:1, ataki (muda kabla haijaanza kubana) ya ms 20 hadi 30 ili mguso wa piki upite kabla haijabana. Ukiweka ataki fupi kuliko hapo, sebene inakuwa laini kama uji na hakuna atakayecheza. Baada ya kabineti (boksi la spika linaloigwa) weka EQ, ya kupunguza na kuongeza masafa: kata chini ya 100 Hz, kata juu ya 7 kHz, inua dB 2 au 3 kwenye 1 kHz. Dilei (mwangwi) ms 350, marudio mawili, mchanganyiko asilimia 15.

Ukihamia mi-solo, US Deluxe ndiyo inafaa, volyumu isizidi 3.5. Hapo lile bonde linakusaidia, maana mi-solo haigombei nafasi na solo wala haimzibi rithimu.

Na usitengeneze kwa hedifoni. Sauti ikiwa ndogo sikio halipati besi na trebo sawasawa, kwa hiyo unaziongeza. Ukifika ukumbini besi inavuma na trebo inatoboa.

RisasiNaBati:
Kabla hamjamnunulisha JC ya Japani, semeni habari ya umeme. Japani ni volti 100. Sisi ni 230, Kenya 240. Iko JC ya kanisa moja iliyochomekwa moja kwa moja ukutani kwa adapta ya plagi, ile inayobadilisha umbo tu. Fyuzi ikakatika, na hiyo ndiyo kazi yake. Mtu akazungushia fyuzi waya wa shaba. Safari ya pili ikaungua transfoma: kwanza harufu ya vanishi kuungua, kisha moshi, na kapasita kubwa zikavimba vichwa. Ikatafutwa transfoma mbadala, ikakosekana yenye volti za upande wa pili zilezile, ikabidi kusukisha upya. Ilipopona wakanunua transfoma ya kushusha umeme, lakini ya 110. Umeme wa mtaa ukipanda hadi 240, hiyo 110 inatoa kama 115. Kifaa cha 100 kinapewa asilimia 15 zaidi kila ibada, kinachemka, kapasita zinazeeka mapema. Juu ya yote plagi ya Japani ni ya pini mbili, haina ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini). Mpiga gitaa akigusa maikrofoni kwa mdomo anapigwa shoti.

Kwa hiyo: transfoma iwe ya 230 kwenda 100 kamili, uwezo wake usipungue VA 500, na fundi afunge waya wa pini tatu wenye ethi. Piga hesabu hiyo juu ya bei ya ampu.

Jahazi88:
Nyongeza kwa wapenda korasi ya JC, ile sauti inayotikisika kama magitaa mawili. Ukiwasha korasi, spika moja inatoa sauti kavu na nyingine inatoa iliyotikiswa, zinachanganyika hewani. Fundi mitambo akiweka maikrofoni kwenye spika moja, watu wa mbele hawapati korasi. Wanapata gitaa kavu, au gitaa linaloyumba kama kaseti iliyolowa. Maikrofoni mbili, au sahau korasi. Kwenye POD Go tumia 70s Chorus, inaiga pedali ya Boss CE-1 ya 1976 ambayo saketi yake ilitoka kwenye hiyohiyo JC.

Mtu_wa_Sebene:
Mnamtoa kwenye ampu mnampeleka kwenye kompyuta. Jenereta ikikohoa, POD Go inazima na kuwaka upya katikati ya wimbo. JC haijui hayo.

RisasiNaBati:
UPS (betri ya akiba) ndogo ya VA 600 inamaliza hilo. POD Go inakula 9V, ampea 3, yaani wati 27. Kinachonisumbua mimi ni kwamba haina tundu la XLR (la pini tatu, kama la maikrofoni) la kutokea, ni jeki za robo inchi tu. Miksa ikiwa mita 20 mbali, bora uweke boksi la DI (la kupeleka sauti mbali bila mvumo), la sivyo unaweza kuokota mvumo wa jenereta njiani. Na monita mbili za waimbaji? Solo atajisikia wapi?

Nyatiti_Kisumu:
Hilo ndilo swali. Bila monita yake mwenyewe, POD Go peke yake ni kupiga kiziwi. Halafu ukiichomeka mbele ya JC, zima ampu na kabineti ndani ya POD, au ingia kwenye tundu la Return la nyuma, linaloruka nobu za mbele za JC, na uzime kabineti tu. Ukiacha vyote unapata kabineti juu ya kabineti, sauti ya ndani ya ndoo. Na hizo nyuzi ni namba ngapi? 0.009 kwenye Dot zinalia nyembamba, weka 0.010.

Mtu_wa_Sebene:
0.009 ndiyo sebene. Nyuzi nene waachie wa benga.

Nyatiti_Kisumu:
Benga hiyohiyo inapigwa kwa 0.009 na vidole vinaruka kuliko hao wako. Nimesema kwenye Dot.

MiSolo_Kino:
Nyuzi zifungulieni uzi wake. Nyuzi_Sita, hiyo JC bamba la nyuma linasema volti ngapi?

Nyuzi_Sita:
Muuzaji ametuma picha ya mbele tu. Nimemwomba ya nyuma tangu asubuhi, anajibu "iko sawa bosi, inawaka".