Msaada wakuu: nataka kutengeneza meza ya sebuleni kwa mbao za zamani, bajeti elfu 60

Sebule Tupu (mleta uzi)
Habari za jioni wakuu. Niko Mtwara mjini, Magomeni, nimepanga vyumba viwili na sebule. Sebule yenyewe ina kochi moja la watu wawili, TV imekaa juu ya kreti la soda, ukutani hakuna kitu zaidi ya kalenda ya mwaka jana. Mama watoto yuko kwao Masasi, kaenda kujifungulia huko, na nataka akirudi akute pameeleweka.

Kuna mbao za zamani nimezipata. Ngumu, nzito, ukizigonga zinalia kama chuma. Zimepakwa rangi ya mafuta ya bluu, ukikwangua unakuta kijani, chini ya kijani sijui kuna nini tena. Swali langu ni moja tu: hiyo rangi niitoeje bila kuharibu mbao, na baadaye nipake vanishi ya maji au ya mafuta? Miguu nitachomelewa na fundi chuma. Tafadhali msinishauri kununua meza dukani, bei nimeshaziona.

Mama Vifuu
Hongera kwa mtoto kaka yangu. Mimi niko Lindi, Mtanda. Meza sijui, ila usisahau taa. Sebule ikiwa na taa moja ya katikati dari inakuwa kama ofisi ya kijiji hata uweke meza ya dhahabu. Chukua vifuu vya nazi kavu, vile vya mviringo mzuri, kwangua nyuzi zote kwa kipande cha chupa, kisha msasa mkubwa, kisha mdogo, mpaka kifuu kiteleze. Toboa matundu madogo madogo kwa drili, anza na tundu la juu la waya, maana kikipasuka kitapasuka hapo na hujapoteza kazi nyingine. Futa na mafuta ya nazi kidogo, kinang'aa chenyewe bila vanishi. Ning'iniza kwa kamba ya katani, vitatu pembeni ya kochi, weka balbu ndogo za LED. Zile balbu za zamani za waya usithubutu, zinapata moto. Mimi ndivyo nilivyoanza, sasa hivi nauza.

Korosho Ghafi
Mtwara kuchele! Mkuu, achana na mbao za kuokota. Tafuta paleti, zile za mbao za kupangia mizigo. Mbili unapanga, unafunga magurudumu, unalaza kioo, kwisha habari. Angalia tu muhuri wa pembeni: zenye HT zilipitishwa kwenye joto, hizo chukua. Zenye MB zilipigwa dawa ya wadudu, hizo waachie wenyewe, usiingize ndani kwa mtoto mchanga.

Mkulima wa Tandahimba
Vijana hela ya korosho ikiingia ni bodaboda na bia, ikiisha ndiyo mnakumbuka sebule. Mke kaenda kujifungua, wewe unawaza meza? Godoro la mtoto lipo? Chandarua kipo?

Sebule Tupu
Mzee wangu shikamoo. Chandarua kipo, na mimi si mkulima wa korosho. Naomba turudi kwenye rangi.

Randa na Patasi
Mimi ni fundi seremala. Kabla ya rangi nijibu: mbao zina unene gani, urefu gani, ziko ngapi? Na hiyo rangi usiipige msasa mkavu. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake kwa mtoto mchanga ni sumu. Fanyia kazi nje, loanisha unapokwangua, vaa barakoa, takataka zote kusanya kwenye mfuko usizifagilie uani.

Sebule Tupu
Asante fundi, jibu kama hili ndilo nililokuwa nalitafuta. Ziko mbili. Kila moja ina urefu wa mita mbili kasoro, upana futi mbili hivi, unene kwa makadirio inchi mbili. Pembeni zina nakshi kidogo, nawaza kuzipiga randa ili juu pawe sawasawa glasi zisianguke.

Randa na Patasi
Nakshi? Mita mbili, futi mbili, inchi mbili, tena ziko pacha, na zina nakshi? Mkuu, hizo si mbao. Huo ni mlango.

Korosho Ghafi
😂😂 Mwenye nyumba anajua kwamba anaishi bila mlango?

Mama Vifuu
Kaka, sema ukweli tukusaidie. Umeutoa wapi?

Sebule Tupu
Sawa, ulikuwa mlango. Lakini hautumiki. Ni wa nyumba ya marehemu babu, Mikindani. Paa limeanguka tangu zamani, ndani mmeota mwarobaini, popo ndio wapangaji. Mlango ulishaegemezwa ukutani na mtu mwingine, sijaung'oa mimi. Nilipata Kirikuu, kile kigari cha mizigo, nikaubeba. Mvua ingeumaliza, mchwa wangeumaliza, sasa mimi nikiufanya meza ndiyo kosa? Hebu tuendelee na vanishi.

Nipo Kilwa
Ndugu, ngoja kwanza kabla ya vanishi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaitaja milango ya kuchongwa na fremu zake, ile iliyochongwa kabla ya 1940, kuwa vitu vinavyolindwa. Ukiusafirisha nje ya nchi bila leseni umevunja sheria. Wewe hujausafirisha, najua, unaweka vikombe. Lakini ujue ulichonacho. Huku kwetu watu wanakuja kuangalia mawe ya Kilwa Kisiwani kwa sababu mbao zilishaisha zote. Hapo Mikindani boma la Mjerumani la 1895 lilikarabatiwa likawa hoteli, na wageni wanalipa kulala humo. Nyumba nyingine za mawe ya matumbawe na chokaa zinazidi kudondoka kwa sababu ile ile ya babu yako: paa linavuja, boriti za mikoko zinaoza, ukuta unabaki peke yake unanyonya maji.

Mkulima wa Tandahimba
Mimi mlango wangu wa ghala naupaka mafuta ya maganda ya korosho, mchwa hawasogei. Marehemu baba alikuwa anapaka nguzo za uzio hivyo hivyo. Unachemsha maganda, mafuta yanatoka meusi, unapaka kwa brashi ya zamani.

Randa na Patasi
Mzee, kwa ghala na uzio sawa kabisa. Kwa meza hapana. Yale mafuta yanababua ngozi, kila aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anajua. Mtoto ataegemea hapo. Mleta uzi, familia inasemaje kuhusu huo mlango? Nyumba ya babu haiwezi kuwa yako peke yako.

Sebule Tupu
Familia iko kubwa, kila mtu na maisha yake.

Randa na Patasi
Sijauliza ukubwa wake.

Sebule Tupu
Msimamizi ni baba mkubwa, yuko Lindi. Sijamwambia kwa sababu angekataa. Mnamjua? Mtu ambaye hajaweka hata bati moja kwenye nyumba hiyo miaka yote, leo umwambie mlango atakuja na kikao cha ukoo. Mimi ndiye niliyeuokoa. Na kusema kweli nimeshaanza kuukata, kwa hiyo mjadala wa kuurudisha umepitwa na wakati.

Mama Vifuu
Umeukata?! Wapi?

Sebule Tupu
Kidogo. Inchi kama nne kwenda ndani.

Pwani ya Kusini
Nimekaa kimya nasoma, sasa naomba niseme: hii ni chai, tena ya tangawizi. Mwanzo "mbao nimezipata". Baadaye "ulikuwa mlango". Baadaye babu, popo, mwarobaini, baba mkubwa. Mtu anayepanga vyumba viwili Magomeni ana bajeti ya elfu 60, halafu ana hela ya Kirikuu ya kwenda Mikindani na kurudi? Huyu ni dalali. Ana mlango wa watu, anataka tumwambie una thamani gani. Angalieni, saa hizi kuna mtu ameshamfuata inbox.

Korosho Ghafi
Na akaunti yake ina uzi mmoja tu, huu huu. Nimeshtuka.

Mkulima wa Tandahimba
Hata mke wa Masasi simuoni.

Sebule Tupu
Jamani! Kirikuu ni ya jirani, nilichangia mafuta tu. Na kweli nimefuatwa inbox na mtu anauliza bei, sijamjibu. Nani hapa kauliza bei? Nimeuliza vanishi, hamtaki kunijibu vanishi!

Nipo Kilwa
Huyo aliyekufuata ndiye wa kumwogopa. Usimjibu kabisa.

Mama Vifuu
Mimi nauza mtandaoni, madalali nawafahamu. Dalali hapigi mlango randa, dalali angeufunga kwenye blanketi.

Randa na Patasi
Hebu tumalize hili la chai. Mleta uzi, mfaa uko kwenye ubao upi, wa kulia au wa kushoto?

Sebule Tupu
Mfaa ndiyo nini?

Pwani ya Kusini
😂 Mnaona? Hana hata mlango.

Sebule Tupu
Kama mnasema kile kipande kirefu kinachosimama katikati, chenye maua yaliyochongwa kutoka juu mpaka chini, kipo kwenye ubao wa kushoto. Ndicho nilichokuwa nakikata ili nikitoe, maana kimetokeza, meza isingekaa sawa. Msumeno ukagonga msumari wa chuma wenye kichwa cha mviringo, meno matatu yakakatika. Msumeno si wangu. Na pembeni hakuna bawaba, kuna kidole cha mbao juu na chini, ndicho kilichokuwa kinazungukia kwenye tundu la fremu. Fremu bado iko Mikindani, imeshikwa na ukuta.

Randa na Patasi
Basi mlango anao. Dalali angelijua jina la mfaa, ndicho kitu cha kwanza anachotangaza kwenye bei.

Sasa nisikilize. Mkato wa inchi nne unatibika. Yale machicha ya msumeno, yaani unga wa mbao, hujayatupa? Yakusanye, ya mbao hiyo hiyo, yachekeche, yakandwe na gundi ya mbao. Kipande kibanwe na jiliwa siku nzima. Ukikauka ukapigwa msasa wa mkono, ni mimi tu nitakayeuona. Lakini usiufanye mwenyewe, na usikate tena hata unywele.

Meza utaipata bila kukata. Ubao wa kulia, usio na mfaa, unalazwa mzima juu ya stendi mbili za chuma, hautobolewi, haupigiwi msumari. Juu yake unaweka kioo cha milimita 6 kilichosagwa kingo, kinakaa juu ya vipande vidogo vya mpira. Nakshi inaonekana chini ya kioo na glasi haiyumbi. Siku ukoo ukiuhitaji unanyanyua kioo unawapa mlango wao. Hiyo ndiyo meza. Ila ni baada ya kumpigia baba mkubwa, na kama akikubali.

Sebule Tupu
Na akikataa?

Korosho Ghafi
Paleti, mkuu. HT.

Sebule Tupu
Kioo hicho hakiwezi kuingia kwenye elfu 60 pamoja na stendi. Naona nipige randa ubao wa kulia tu, wa kushoto niufiche.

Mama Vifuu
Kaka!

Nipo Kilwa
Mtu wa ajabu sana huyu. Piga simu.

Sebule Tupu
Nimempigia. Hakupiga kelele, ndiyo nimeogopa zaidi. Ameuliza kitu kimoja tu, kama mnyororo wake wa kufungia nimeubeba. Nimemwambia uko kwenye gunia. Amesema Jumamosi anapanda basi anakuja Mtwara na niuache ulivyo. Sijamwambia ule mkato. Swali: kabla hajafika, nitoe hii rangi ya bluu akute nakshi imetokeza vizuri, moyo ulainike?

Randa na Patasi
Usiguse kitu. Rangi iache. Mkato mwambie kabla hajapanda basi, asiukute mwenyewe. Nikipata nafasi Jumamosi nitapita kuuangalia, nitumie inbox ulipo. Hela ya kuangalia sidai.

Mkulima wa Tandahimba
Mpikie mzee chakula. Na mke akijifungua ututaarifu, kama yupo.

Pwani ya Kusini
Mimi bado nasema chai. Ila dada Mama Vifuu, hizo taa za vifuu tatu unauzaje ukizituma mpaka Mtwara?